Wifi yangu ameniomba pasipoti yake, siku mbili tu

Bi Mshauri, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta, nikiona kama nawasengenya watu wangu. Lakini usiku silali, na Jumamosi kakangu anarudi safari, kwa hivyo wacha niseme.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, fundi wa cherehani. Niliachika zamani. Naishi Kisauni katika nyumba aliyotuachia marehemu babangu, na mamangu na binti yangu. Upande wa pili wa ua anakaa mke wa kakangu na mtoto wao. Kakangu ni dereva wa trela, hubeba mizigo kutoka bandarini hadi Kampala na Kigali, na zamani alikuwa akifika mpaka Bujumbura. Huko, mtaa wa Buyenzi, ndiko alikompata wifi yangu. Ndoa ilifungwa hapa Mombasa, msikitini, Disemba 2019, na nguo ya harusi niliishona mimi. Mtoto wao wa kiume ana miaka mitano, kazaliwa hapa hapa.

Wifi yangu aliingia Kenya kwa pasipoti, akagongewa muhuri wa miezi sita. Kakangu aliahidi kumshughulikia makaratasi ya kukaa kama mkewe. Mwanzo ilikuwa "nikipata nafasi", ikaja korona, kisha kimya. Sasa makaratasi hayo yamekuwa fimbo. Wakikosana kidogo tu: "Nikipiga simu moja Uhamiaji, kesho umo kwenye basi, na mtoto wangu utamwacha hapa." Sikuhadithiwa, dirisha langu linatazamana na lao.

Pasipoti yenyewe iko kwa mamangu. Kakangu alimpa amwekee. Imo ndani ya kopo la biskuti pamoja na hati ya shamba na vyeti vya kuzaliwa, kopo limo kabatini, na ufunguo wa kabati mamangu huufunga kwenye pindo la leso. Nayajua hayo kwa sababu leso zake nazifua mimi.

Wifi yangu si mtu wa kukaa bure. Saa kumi alfajiri karai liko motoni, na saa kumi na mbili barazani pana foleni ya mahamri na mbaazi. Watu huja mpaka kutoka Mlaleo. Akimaliza, huja kwetu kumchoma mamangu sindano ya sukari, maana mimi mkono hunitetemeka, kisha anarudi kuosha masufuria. Lakini laini ya simu aliyo nayo imesajiliwa kwa kitambulisho cha kakangu, na wateja siku hizi hawatembei na pesa mkononi, hutuma M-Pesa moja kwa moja kwa nambari ya kakangu. Mtu akinunua mahamri ya shilingi 40 Kisauni, simu inalia Malaba, mpakani na Uganda. Kisha yeye hupiga: "Mbona leo ni mia sita tu? Ulikuwa wapi?"

Mwezi uliopita alirudi akaambiwa mkewe yuko kwa jirani aliyefiwa. Alimfungia nje. Nilipotoka saa nane usiku kwenda msalani nikamkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejitanda leso aliyonunuliwa na mume huyo huyo, imeandikwa "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu". Nilimwingiza kwangu akalala na binti yangu. Asubuhi mamangu akaniambia nimemvunjia kakangu heshima.

Sasa sikia linalonichoma. Mimi ni katibu wa chama cha kina mama. Tuliletewa semina ya haki za wanawake, na Kifungu cha 27 cha Katiba, kile cha usawa, naweza kukusomea nikiwa nimefumba macho. Nimeombwa nizungumze siku ya wanawake, tarehe 8 Machi, kuhusu wanawake wageni walio kwetu bila makaratasi, wafanyakazi wa nyumbani na wake za watu. Nikamwalika wifi yangu aje anisikilize. Akacheka kidogo: "Wifi, haki zangu utazizungumza ukumbini. Na hapa uani, nani atazizungumza?" Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Juzi akaniomba: "Nitolee pasipoti. Siku mbili tu, nitairudisha." Niliganda. Najua atakimbia, na mtoto atamchukua. Tangu Burundi ifunge mpaka wake na Rwanda, Januari 2024, kakangu hafiki tena Bujumbura, na vile vifurushi vya ndagala, dagaa wa kwao, ambavyo wifi yangu alikuwa akitumiwa na mamake, vimekwisha. Amemkumbuka mamake, hulia peke yake.

Bi Mshauri, karo ya binti yangu hulipa kakangu. Dawa za mamangu hulipa kakangu. Mamangu ana neno lake moja: "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe." Semina ilitufunza kwamba mgeni aliyeolewa na Mkenya akitimiza miaka saba anaweza kuomba uraia. Yake inatimia Disemba 2026. Najiambia avumilie, imebaki kidogo. Nikimpa pasipoti, nyumba itavunjika kwa mkono wangu. Nisipompa, tarehe 8 Machi nitasimama na uso gani?

Dada mtu, Kisauni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kalamu mkononi. Una wifi ambaye hati yake iko kwa mavyaa wake, pesa zake ziko kwa mumewe, na mlango wa nyumba anayolala hufungwa na kufunguliwa na mwengine. Katika ua mzima amekuona wewe ndiye wa kuombwa. Nawe unaona ukiunyoosha mkono unampoteza kaka, ukiukunja unampoteza wifi. Kukosa usingizi hapo ni haki yako.

Lakini kuna neno umelipita mbio. Amesema siku mbili, na wewe ukasikia milele. Mtu anayetoroka na mtoto hadi Bujumbura hazungumzi habari za kurudisha. Labda anakudanganya, sikatai, mwenye dhiki hudanganya. Lakini ulimuuliza ni siku mbili za nini? Nimeitafuta sentensi hiyo katika barua yako, sikuiona. Nilichokiona ni kwamba uliganda.

Mimi nilikaa nikahesabu mambo ambayo mwanamke mgeni anaweza kuyafanya Mombasa kwa siku mbili akiwa na pasipoti mkononi. Anaweza kusajili laini ya simu kwa jina lake, maana mgeni husajili kwa pasipoti. Akiwa na laini yake, zile shilingi 40 za mahamri hazitalia tena Malaba. Anaweza kuingia saiba akatoa nakala za kurasa zote. Anaweza kwenda kwa wakili, na wakili wa kwanza atakayemwona atataka kuiona hiyo hati. Anaweza kutazama tarehe ilipokwisha, au itakapokwisha, kwani pasipoti huisha, na ikiishia ndani ya kopo la biskuti italazimu aanze na ubalozi wa Burundi ulio Nairobi. Na anaweza kupanda basi, ndiyo. Mimi sijui ni lipi kati ya hayo, nawe pia hujui.

Nimeona pia waita jambo hili kutoa, kana kwamba unatoa mali ya mtu. Pasipoti ya Burundi ni mali ya serikali ya Burundi, na aliyekabidhiwa ni yeye. Si ya kakako, wala si ya mamako. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani haikusubiri mtu apigwe. Imetaja dhuluma ya kiuchumi, imetaja kutishwa, imetaja kumnyima mtu matumizi ya nyumba anamoishi. Na imetaja kitu ambacho kilinifanya nicheke siku ya kwanza niliposoma: wakwe kuingilia. Bunge zima liliketi likawaandika mavyaa na mawifi katika sheria! Sasa fikiria lile kabati. Sikwambii mamako ni mhalifu. Nakwambia jambo unalolihesabu kuwa la ndani kwenu, sheria imeshalipa jina.

Kuwa na haki, hata hivyo, hakuondoi hatari. Wewe wa semina usinikasirikie nikisema hivi. Ukimpa pasipoti leo na mamako akafungua kopo kesho, kakako ataambiwa kwa simu kabla uji haujapoa. Mwanamke aliyedhibitiwa huwa hatarini zaidi pale mwenye kumdhibiti anapogundua kwamba ameanza kujinasua. Aliyefungiwa nje saa nane za usiku kwa sababu ya kwenda matangani, atafanyiwa nini kwa sababu ya pasipoti? Na pasipoti si kinga. Muhuri wake ulikwisha siku nyingi, kwa hivyo akifika mpakani ataulizwa, na anaweza kutozwa faini au kurudishwa kwao. Akiwa na mtoto ambaye babake hakuridhia asafiri, ataulizwa zaidi. Vitisho vya kakako ni nusu kweli, na hiyo nusu ndiyo inayovipa nguvu.

Nusu ya pili ni uongo, na huo afaa ausikie. Mtoto ni Mkenya kwa kuzaliwa, kwa kuwa babake ni Mkenya. Lakini Katiba, Kifungu cha 53, imewapa baba na mama jukumu sawa la kumlea, na mahakama hutazama kwanza maslahi ya mtoto. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mama akikosa muhuri, mtoto anakuwa wa baba peke yake. Maneno haya akiyasikia kutoka kwako atashukuru. Akiyasikia kwa wakili ataamini. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapa Mombasa na huwahudumia wanawake bila malipo. Mwende wawili, asubuhi, mahamri yakishaisha. Anaweza kwenda hata bila pasipoti, akaeleza tu, akajua asimame wapi kabla hajagusa chochote. Aulize kuhusu amri ya ulinzi ya mahakama, aulize kuhusu pasi ya mke, yaani kibali cha kukaa nchini kama mke wa Mkenya, aulize kama kuna njia ya kujisahihisha Uhamiaji bila kungoja hisani ya mume. Cheti cha ndoa kama nacho kimo koponi, sheikh aliyewaozesha anayo kumbukumbu. Na kama anataka masurufu yake, au hataki tena ndoa, kwa kadhi ni wazi, na hapa Mombasa wanawake wameijua njia ya kwa kadhi tangu zama za bibi zetu. Lakini hapo nimekwenda mbali, maana hujaniambia kama hamtaki mumewe. Huenda anampenda.

Nije kwenye Disemba 2026. Ni kweli, Kifungu cha 15 cha Katiba kinampa mwenye ndoa ya miaka saba na Mkenya haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa haki sawa, nikukumbushe kwamba kabla ya Katiba ya 2010 mlango huo ulikuwa wa wake wa wanaume Wakenya peke yao. Mimi na wewe tungeolewa na Mrundi, mume wetu asingekuwa na njia hiyo. Sasa uko wazi pande zote mbili. Lakini mwanangu, haki hiyo ni ya kuomba. Maafisa watataka kuona kuwa ndoa ni ya kweli na ingali hai, na ile miaka aliyokaa bila pasi sijui wataitazama kwa jicho gani. Hilo muulize wakili, usinisikilize mimi. Na hata kama kila kitu kingenyooka, anayehesabu miezi ni wewe, anayekaa juu ya ndoo ni yeye. Ulipojiambia avumilie, ulikuwa umempigia hesabu ya uraia wake, au ulikuwa unapiga hesabu ya karo? Usijilaumu. Karo ni jambo la kweli. Ila zitenganishe hesabu hizo mbili, kila moja iwe na daftari lake.

Maana hofu yako ya pesa ina haki ya kusikilizwa. Kakako akikasirika, binti yako atasoma kwa nini? Cherehani inakupa kiasi gani, chama kina mkopo, baba wa mtoto wako yuko wapi katika habari hii? Umeandika neno moja, "niliachika", ukaruka. Huenda kuna mtu anadaiwa masurufu hapo pia, na ukipata shilingi zako mwenyewe, jibu lako kwa wifi yako litabadilika bila mimi kukushauri.

Kuzungumza na kakako je? Umemweka pembeni kama jiwe. Mimi namfikiria yule mtu wa Malaba. Kila wiki anampa afisa pasipoti yake na karatasi za mzigo, kisha anasubiri. Uganda ni mgeni, Rwanda ni mgeni. Anajua ladha ya kusimama huku hati yako imeshikwa na mtu asiye na haraka. Kuna wanaume ukiwakumbusha hilo hulainika, na kuna ambao huwa wakali maradufu. Wewe umelelewa naye, unajua ni wa kundi gani. Kama una shaka, usimkabili peke yako wala usimtaje wifi yako kama mlalamikaji. Yuko ami yenu? Yuko huyo sheikh? Mwanamume mzima akimuuliza, "Miaka yote hii mkeo hana pasi, ikiwaje?", jambo linakuwa la aibu yake, halitakuwa la uchochezi wa mkewe. Hatari yake ni kwamba huyo mzee naye atasema mambo ya ndoa hayaingiliwi. Msikilize kwanza kwa mambo mengine kabla hujamfungulia hili.

Na mamako. Ule msemo wake una nguvu, nami nimelelewa nao. Lakini ulisema mwenyewe, kwa kupitia tu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba anayemchoma sindano kila asubuhi ni wifi yako. Mkono wa mzaliwa naye hutetemeka, wa mgeni hautetemeki. Mamako analijua hilo kila siku anapofunua leso apate sindano, na ule ufunguo upo pale pale pindoni. Je, umewahi kumuuliza, bila kupandisha sauti, kwa nini yeye ndiye mtunzaji? Labda alipewa tu, hakuuliza. Labda anaogopa mjukuu asipotee. Kina mama wa umri wake wengi waliishi hivyo hivyo, bila kitu chenye jina lao, na huona huo ndio mpango wa dunia. Sisemi atalainika. Nasema hujajaribu mlango huo, umekaa ukitazama kabati.

Hotuba ya Machi 8 waipa uzito kuliko nipao mimi. Usipokuwa tayari, mwachie mwengine. Ukiamua kuzungumza, habari ya wifi yako usiitaje, hata kwa kuficha jina, Kisauni si kubwa. Yako unaweza kuisema: jinsi ilivyo kukijua kifungu kwa moyo na bado kuganda.

Kuna madogo ambayo hayangoji uamuzi. Mlango wako uache na komeo jepesi. Akikubali, baadhi ya wateja walipe pesa mkononi, na aweke kibubu chumbani kwako. Mtafutie mwenzake wa kuzungumza naye Kirundi, mjini hawakosekani, kwani mtu anayelia kwa lugha moja na kujieleza kwa nyingine huchoka mara mbili. Na akipigwa au akifungiwa tena, nambari 1195, ya msaada kwa waliodhulumiwa, ni bure, usiku na mchana, na hospitali kuu ya Pwani ina kituo cha waliodhulumiwa. Hospitalini aende kwanza, mengine baadaye.

Leo ni Jumatano. Kakako anaingia Jumamosi. Kesho saa kumi amka, ukamsaidie kusukuma unga kabla foleni haijaanza. Watoto wamelala, mamako amelala, simu ya Malaba haijalia. Muulize hizo siku mbili ni za nini, kisha nyamaza umsikilize, hata kama jibu ni basi. Ukishalisikia niandikie, au bora zaidi aandike mwenyewe. Kiswahili chake cha Buyenzi kisimtie haya, nitakisoma.